Bao Lililomngoja Shaame

Hapo zamani, katika mji ambao watu wake walipenda kusafiri kuliko kukaa, Sultani alichoka nao akatoa amri: atakayekaa ugenini mwaka mzima si mkaazi tena, na nyumba yake ni ya serikali.

Basi palikuwa na Shaame, fukara wa kutupwa, hana kitu ila kijumba cha udongo alichojenga na marehemu mkewe, na kaburi la mkewe liko uani. Ikaja habari kutoka ng'ambo kwamba bintiye Mwanakheri amefiwa na mume, ana pacha wachanga, anamtaka baba. Shaame akaenda kuomba ruhusa ya kukaa huko zaidi ya mwaka. Sultani akasema amri ni amri. Waziri akatabasamu, maana kiwanja kile alikwisha kukipigia hesabu ya zizi la punda wake.

Shaame hakubisha. Akaomba wacheze bao kama desturi yao ya kila alasiri, na bao ndilo lililokuwa ugonjwa wa Sultani. Wakacheza hata Sultani akakaribia kushinda, zamu ikawa ya Shaame.

"Mtukufu, hapa pagumu. Niruhusu nikafikiri."

"Fikiri utakavyo," akasema Sultani. "Nitakungoja."

Shaame akashukuru, akavaa makubadhi yake, akaenda ng'ambo.

Ikawa miaka miwili. Sultani akalifunika bao kwa kitambaa cha hariri, akakataza lisiguswe, na kila asubuhi akilifunua, akiutazama ushindi wake, akilifunika tena.

Pacha walipoanza kukimbia, Shaame akarudi, akakuta kufuli la Waziri mlangoni pake. Akafuliza hadi kwa Sultani, akaketi penye bao, akanyoosha mkono.

"Mwondoeni," akasema Waziri. "Huyu alihama."

"Kama nilihama," akasema Shaame, "mchezo ulikwisha siku ile, na hakuna aliyeshinda. Lakini Mtukufu alisema ataningoja, naye amengoja. Mtu anayengojwa kwao, amehamaje?"

Sultani akalitazama bao, akamtazama Waziri, akalitazama bao tena. Subira yote ile aipoteze kwa ajili ya punda?

"Kafungue kufuli, Waziri, kwa mkono wako," akasema. "Nawe Shaame, cheza."

Shaame akacheza, akafungwa vibaya, na Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea.

Tangu hapo hakuna aliyesafiri pasipo kwanza kuanza bao na Sultani, hata jumba likajaa mabao, na Waziri ndiye aliyeyapangusa vumbi. Ama Shaame, jioni ile ile alikuwa uani kwake, anang'oa magugu kaburini, anamweleza mkewe ni pacha yupi aliyechukua pua yake.