Kengele ya Ukungwini

Hapo zamani, si zamani ya mababu, zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na mji mdogo mlimani ukiitwa Ukungwini. Nitausimulia upesi, mniwie radhi, mtoto amelala na sijui ataniachia mpaka saa ngapi.

Mji huo uliishi ndani ya ukungu. Ukungu ulishuka asubuhi, ukakaa, ukasahau kuondoka. Mtu alinyoosha mkono asione vidole. Mama alimwita mwanawe akaitikiwa na mtoto wa jirani, akampa chakula huyohuyo, yakaisha. Nyumba zilikuwa kama vitu unavyovikumbuka, si vitu unavyoviona. Katikati ya ukungu ule palikuwa na zahanati, na mlangoni mwa zahanati ilining'inia rimu ya lori, na rimu hiyo iligongwa kutwa, ngo, ngo, ngo, ili wajawazito wanaoteremka kutoka mashamba ya juu wafuate sauti, wafike.

Rimu ikaliwa na kutu, ikaanguka. Mgongaji wake akastaafu. Kukawa kimya.

Kimya kile, jamani. Mke wa fundi baiskeli alitoka kwake na uchungu, akatembea, akatembea. Nyayo zake kwenye tope zilionyesha ameuzunguka ukuta wa zahanati mara nne, akidhani ni ukuta wa shule. Alikutwa hatua ishirini kutoka mlangoni. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Mwaka ukapita hivyohivyo, kimya, na ndipo halmashauri ya mji ikakaa kikao. Mwenyekiti akasema, "Kengele itaingia bajeti ijayo. Taratibu ni taratibu."

Bi Nakijwa, afisa utumishi, yule anayeajiri watu wote wa mji, akauliza, "Na mimba, Mheshimiwa, nazo tuziambie zisubiri bajeti ijayo?"

Watu wakacheka. Halafu wakamkumbuka mke wa fundi baiskeli. Kikao kikafungwa.

Lakini watu watatu hawakwenda nyumbani. Walirudi ofisini, kila mmoja kwake, kila mmoja akafunga mlango.

Wa kwanza alikuwa Bwana Shemhilu, mweka hazina. Alifungua kitabu cha bajeti, akalikata fungu la uji wa watoto wa shule ya msingi, akaandika juu yake: kengele. Hakumwuliza mtu. Muhula mzima watoto hawakunywa uji.

Wa pili alikuwa Bwana Mntambo, afisa ugavi, mnunuzi wa mji. Sheria ilimtaka atangaze zabuni, angoje siku thelathini, alinganishe wauzaji watatu. Hakutangaza, hakungoja, hakulinganisha. Alikwenda kwa shemeji yake anayenunua vyuma chakavu, akakuta kengele ya shaba imelala chini ya mabati, akaibeba begani.

Wa tatu alikuwa huyohuyo Bi Nakijwa. Nafasi ya mgongaji ilitakiwa kubandikwa ubaoni, watu waombe, wasailiwe. Hakubandika. Alimwita Nankondo, mtoto wa dada yake, akamwambia, "Kesho uko kazini. Vaa viatu vya mpira."

Kengele ikatundikwa. Siku hiyohiyo, saa sita mchana, ukungu mzito kama maziwa, msichana mmoja aitwaye Namsifu akashikwa na uchungu shambani juu. Mimba ya kwanza. Mume kasafiri. Yuko na mama mkwe asiyeona vizuri hata siku ya jua. Aliogopa, nawaambia aliogopa, ardhi yenyewe hakujua iko wapi. Halafu akasikia. Sauti ilitoka chini kabisa, kama inatoka ndani ya maji, ikamshika mkono. Ikilia, anakwenda. Ikinyamaza, anasimama. Ikilia, anakwenda. Huku chini Nankondo aligonga mpaka viganja vikachubuka, akavifunga kwa kipande cha kanga, akaendelea. Namsifu akafika. Mtoto akazaliwa, wa kike, akalia, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua ipi ni kengele na yupi ni mtoto.

Sasa sikilizeni desturi ya mji ule. Chochote kinachonunuliwa na mji, mtu wa kwanza kukitumia ndiye anayekipokea kwenye daftari. Aliyechota maji wa kwanza alitia sahihi ya bomba. Machela mpya ilipokelewa na mlevi mmoja, kwa dole gumba. Na mpokeaji ndiye anayeandika kwenye mstari wa chini jina la afisa wa kuwajibika, yule atakayeulizwa pakiwa na kasoro. Miaka yote watu waliandika jina lolote lililowajia, hakuna aliyejali.

Kengele ilikuwa bado haijapokelewa, maana Namsifu alikuwa ndani na kichanga chake siku arobaini. Siku ya arobaini na moja akaja mkaguzi kutoka mkoani. Akafungua daftari.

"Fedha zimehamishwa bila idhini. Kengele imenunuliwa bila zabuni. Mgongaji ameajiriwa bila usaili. Na huu mstari mtupu. Nani anawajibika?"

Akaligeuza daftari, wote wauone.

"Jina likiandikwa, huyo anaachishwa kazi, hoja inafungwa, kengele inabaki na mgongaji wake. Lisipoandikwa kufika Ijumaa saa sita mchana, kengele inashushwa, inakwenda stoo."

Mwenyekiti akasema daftari ni la mpokeaji, taratibu ni taratibu. Na kwenye orodha ya kliniki palikuwa na wajawazito saba.

Ijumaa Namsifu akaja ukumbini, mtoto mgongoni. Ukungu ulikuwa umeingia kwa madirisha. Nyuso hazionekani vizuri, zinakuja na kupotea. Akapewa kalamu.

Bwana Shemhilu akaanza. "Mwanangu, nimebakiza miezi minane nistaafu. Bila lile fungu, huyu Mntambo angenunua kengele kwa nini, kwa makofi? Ndiyo, watoto walikaa na njaa asubuhi. Lakini mtoto mwenye njaa hurudi nyumbani akala. Yule wa fundi baiskeli amerudi wapi?"

"Mzee," Bwana Mntambo akamkatiza, "njaa hiyo ilikuwa ya watoto wa wenzio. Wako walikuwa na chai na maandazi."

Mzee akarudi kitini.

Bwana Mntambo akamgeukia Namsifu. "Dada, sheria ilisema ningoje siku thelathini. Wewe ulikuwa na siku ngapi?"

"Sikuwa na hata moja."

"Basi."

"Basi nini?" Bi Nakijwa akadakia. "Na shemeji yako mbona kapaua nyumba upya?"

"Kuna muuza kengele mwingine mlima huu? Mtaje!"

Hakuna aliyemtaja.

Bi Nakijwa akasogea karibu, ukungu ukamfuata kama mtandio. "Mwanangu, kengele haijigongi. Nilimweka Nankondo kwa sababu namjua, nimemlea. Ningesaili watu hamsini, nisingepata viganja vile."

"Na vijana wanaokaa mwaka wa tatu bila kazi," akauliza Bwana Mntambo, "viganja vyao ulivipima lini, mama mdogo wa watu?"

 Bi Nakijwa aliangalia dirishani, ingawa dirishani hapakuwa na cha kuangalia.

Namsifu akasema, "Niandike wote watatu."

"Mstari mmoja, jina moja," akasema mkaguzi.

"Niandike langu."

"Wewe si afisa, mama."

Hapo mlangoni pakasimama mtu. Alikuwa mke wa fundi baiskeli. Hawakumwona uso, waliliona tumbo kwanza. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye ile orodha ya watu saba.

"Hawa wote walikuwa na kalamu mwaka jana," akasema polepole, "mimi nilipokuwa nauzunguka ule ukuta. Zilikuwa mifukoni mwao." Akamgeukia Namsifu. "Andika unayetaka, mdogo wangu. Lakini andika."

Ukungu ukajaa ukumbini. Mkaguzi akapotea, mwenyekiti akapotea, viti vikapotea. Ikabaki meza, daftari, na kalamu. Sauti tatu zikawa zinaita kutoka kwenye weupe ule, moja inasema mwanangu, moja inasema dada, moja inasema mwanangu, na nje Nankondo anagonga, ngo, ngo, saa sita inakuja. Mtoto akajinyoosha mgongoni kwa Namsifu. Akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari.

Na wangu huyu ndiyo anaamka, siwezi kwenda mbele, na hata angelala nisingejua pa kwenda. Aliyewanyima watoto uji, aliyempa shemeji ulaji, aliyempa kazi mtoto wa dada yake: bila mmoja wao, Namsifu angezunguka ukuta. Haya, nyinyi mnaonisikiliza, kalamu nawapa. Mnaandika jina la nani?