Kikuba Kimoja, Vichwa Vitatu

Haya sogeeni, na mwenye ulimi mrefu aukunje kwanza.

Wanawake watatu walipanga nyumba moja, na kila mmoja Mungu alimpa lake. Mwanakombo hakujua kutupa kitu. Saumu alikuwa na mkono wa chai, mtaa mzima ukinywa kwake. Bishara, mjane aliyekuwa bado kwenye eda, alijua kutwanga na kungoja.

Ukumbini palikuwa na kopo la mti wa mwasumini, yasmini ya maua meupe, lililoachwa na mpangaji aliyehama. Majani ya njano, matawi makavu. Siku ya posa ya binti yake Mwanakombo, dada wa bwana harusi alilitazama akasema, "Nyumba hii hata mchicha hauoti." Neno lilimkaa Mwanakombo kooni kama mwiba wa samaki. Akaapa kikuba cha mwanawe, lile pambo la asumini analovaa mwanamke kwa mumewe, kitatoka kopo lile lile. Kila akiosha mchele, maji yale meupe akayamimina pale. Mwezi mzima, jani halikugeuka.

Saumu, ambaye mumewe alikuwa Maskati mwaka wa pili, akatia makapi ya chai yaliyopoa, yasiyogusa sukari.

Bishara akaanika maganda ya mayai, akayatwanga yakawa unga, akayafukia kwa kidole.

Hawakuambiana. Mwanakombo akiona makapi, alimsuta Saumu kuwa kopo amelifanya jaa. Saumu akiona maganda, alimsema Bishara. Kisha kila mmoja, wenzake wakigeuka, aliongeza lake.

Mti ukafunga vitumba vya maua.

Alasiri ya harusi, siku ile ile mume wa Saumu anashuka na Bishara anatoka eda, Mwanakombo akakuta vitumba vyote viko kwenye sinia. Saumu kashika uzi, Bishara kashika sinia. Vilitosha kikuba kimoja tu.

"Weka chini," Mwanakombo alisema. "Mwanangu anaingia kwa watu waliotutukana."

"Si ana mawifi, wamletee," Saumu akajibu. "Miye miaka miwili nalala na mto."

Bishara hakupandisha sauti. "Miezi minne na siku kumi sijanusa hata udi. Mlipokuwa mkitoka, nani alikaa na huu mti?"

Mwanakombo alishika ukingo wa sinia. Kilichomchoma zaidi ni kujua kwamba mchele peke yake haukufua dafu. Nje, vigelegele vya wakwe vimefika kona. Ukigawa mara tatu, si kikuba tena. Mikono mitatu, sinia moja, na vitumba vinaanza kufunguka.

Msinitazame mimi. Wewe hapo unayecheka, ungemvika nani?