Chozi na Mafuta ya Wakfu

Je, ndugu yangu, umewahi kumwona ndege aliyefungwa na tunda? Si mtego, si kamba. Tunda!

Wametusimulia waliotutangulia kwamba palikuwa na mja mwema, Twaluti bin Numani, aliyesoma fiqhi miaka kumi na miwili, na kazi aliyoipata, alhamdulillahi, ni kuwasha taa za msikiti. Yeye na mkewe Raudha walikaa katika chumba cha msikiti. Uani palikuwa na mti uliopandwa na mtawalia, msimamizi na mwenye funguo za wakfu, ili ulete kivuli. Matunda yake yakinata kama ulimbo.

Asubuhi moja Twaluti akamwokota chozi chini ya mti ule, kandege kadogo, mbawa zimegandana kwa matunda, moyo unamdunda.

"Raudha, mafuta ya ufuta yapo?"

"Yaliisha Jumatatu. Huzioni nywele zangu, bwana wee? Au siku hizi unatazama ndege tu?"

Twaluti akacheka, lakini chozi alikuwa akifumba macho. Mkono ukaenda wenyewe kwenye chupa ya taa. Akampaka, akambandua tunda moja moja, akamkausha kwa jivu. Ndege akaruka. Hapo ndipo Twaluti alipokumbuka: mafuta yale ni wakfu wa taa, hayatumiki kwa jingine.

"Hakuna aliyeona," Raudha akanong'ona. "Tukifukuzwa tutalala wapi, kipenzi?"

"Ameona Mwenye taa."

Raudha akashusha pumzi, akamweka kilemba sawa. "Basi nenda kwa mtawalia ukiwa nadhifu."

Twaluti alipokiri, mtawalia akaja juu. "Mafuta ya wakfu umpake ndege! Wallahi, chumba utakihama leo!"

"Nimesikia na nimetii, ya Sheikh. Tone lile ni kosa langu. Na mti ni kosa la nani?"

Mtawalia akatoka kwa hasira kwenda kuutazama. Tunda likamnasa joho. Akainama alibandue, akaona miguuni pake chozi mwingine. Huyu alikwisha kufa.

Akavua joho, akaenda mlangoni pa chumba chao. "Kaeni chumbani mwenu. Raudha, niazime shoka."

"La wakfu, ya Sheikh, au letu?"

Akaona haya. "Lenu, mwanangu."

Ukweli wa mwasha taa ndio uliomwinamisha mwenye funguo. Nanyi mlioshika amana zetu leo, wakali kwa tone la mnyonge: mmepanda wenyewe miti inayonasa, kisha mnawauliza ndege mbona hawaruki. Shikeni shoka!