Bi Pimbi Auza Katuni ya Mama Yake

Paukwa.

— Pakawa.

Niwape au ninyamaze?

— Tupe.

Ya kweli au ya kuungaunga?

— Ya kuungaunga, lakini ikolee.

Haya. Wewe uliyeegemea mlango, keti vizuri. Ukisinzia nitakutia ndani ya ngano uwe kupe.

Hapo kale, si kale sana, kale ya juzijuzi wanyama walipokuwa tayari na sinema zao, alikuwako Bi Pimbi. Umbo lake kama sungura aliyekatwa masikio, mkia hana, lakini mikono ilikuwa na kazi. Alikuwa mchora katuni. Anachukua kipande cha mkaa, kwaru kwaru kwaru, anachora kwenye mawe ya kilimani kwao, picha baada ya picha, na ukiitazama moja huwezi kuondoka bila kuitazama inayofuata.

Katuni aliyoipenda kuliko zote ilimhusu marehemu mama yake, Bi Mashavu. Zamani hizo Tai alikuwa amezoea kuwanyakua watoto wa pimbi, na wakubwa wote walikuwa wakijificha. Siku moja Bi Mashavu akatoka peke yake na mfuniko wa sufuria. Akasimama mlangoni pa pango, akaupiga kwa mwiko: kwang'a, kwang'a, kwang'a. Tai akija huku, kwang'a. Tai akija kule, kwang'a. Alipiga mpaka Tai akaumwa kichwa, akahama. Ndiyo habari yenyewe, na kila aliyekuwepo anajua ilitokea.

Sasa mvua zikaanza kuufuta mkaa. Leo limefutika sikio, kesho umefutika mwiko. Na vitoto vilivyozaliwa baadaye, akiwemo Kidawa, binti yake mwenyewe, vikaanza kusema, "Aa, Tai aliondoka mwenyewe, alikuwa ameshiba." Bi Pimbi aliposikia hayo alilia, nisiwafiche. Akasema, "Mama yangu lazima awekwe kwenye sinema, wamjue wote, hata wa ng'ambo ya mto."

Mwenye sinema alikuwa Bwana Kiboko. Shuka jeupe ni lake, mashine ni yake, banda la matete ni lake. Kiingilio ni boga, na maboga yote yanaishia tumboni mwake. Ukitaka kazi yako ionyeshwe, unakwenda kumbembeleza mtoni, mwenyewe kalala matopeni, maji yamemfika puani.

Bi Pimbi akaichora upya katuni yake kwenye majani ya mgomba, akayafunga vizuri, chapu chapu chapu mpaka mtoni.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Umeniletea nini?"

"Katuni, Bwana Mkubwa. Naomba uifanye sinema."

Kiboko akaifungua. Akatazama jani la kwanza, akalitafuna. Akatazama la pili, akalitafuna. Nyam, nyam, nyam, mpaka hadithi ikaisha na majani yakaisha.

"Nimeipenda," akasema, anajilamba. "Nimeipenda mno. Ila kidogo tu. Huyu mama ni mdogo, na shuka langu ni kubwa. Mfanye mkubwa. Kachore upya, uje keshokutwa."

Bi Pimbi akarudi kilimani. Kwaru kwaru kwaru, akamchora mama yake akiwa mkubwa kama ng'ombe. Roho ilimuuma, lakini alichora. Chapu chapu chapu mpaka mtoni. Nyam, nyam, nyam.

"Nimeipenda," akasema Kiboko. "Nimeipenda mno. Ila kidogo tu. Mfuniko wa sufuria ni mambo ya jikoni, mpe upanga. Halafu huyu Tai, mimi na yeye tunaheshimiana, juzi kanialika harusi ya mwanawe. Tafuta adui mwingine asiye na jamaa."

Bi Pimbi akarudi. Kwaru kwaru kwaru, upanga. Kwaru kwaru kwaru, adui akawa Ukungu, maana ukungu hauna shangazi wa kuja kulalamika. Chapu chapu chapu mpaka mtoni. Nyam, nyam, nyam.

"Nimeipenda. Nimeipenda mno."

"Ila kidogo tu," akasema Bi Pimbi.

"Ila kidogo tu. Kwa nini awe mama? Awe bwana. Mnene, mwenye sauti nzito, akitembea nchi inaitika. Nitamwigiza mwenyewe."

"Na jina la Bi Mashavu, Bwana Mkubwa?"

"Mashavu ninayo. Ondoa hilo Bi."

Siku hiyo Bi Pimbi hakwenda chapu chapu. Alipanda kilima polepole, akakaa mbele ya jiwe lililobaki na nusu ya uso wa mama yake, akakasirika mpaka meno yakamgongana. Mtu anakwambia amekipenda chakula chako, kisha anataka utoe nyama, utoe mchuzi, ubadilishe ugali, na sufuria uandike jina lake. Ni mapenzi gani hayo? Alipomaliza kukasirika akaanza kuwaza. Kiboko ameshika shuka, ameshika mashine, ameshika picha. Je, kuna kitu gani hajakishika?

Hapo akatabasamu. Akarudi mtoni mikono mitupu.

"Bwana Mkubwa, nimefikiri. Yote uliyosema ni sawa. Mama atoke. Mfuniko utoke. Hata jina langu litoe."

Kiboko akafurahi mpaka maji yakamwagika ukingoni, pwaa. "Wewe msikivu. Wachoraji wenzako vichwa vigumu sana."

"Naomba kazi moja tu, ile ya pembeni. Nishike kipaza sauti niwafasirie watazamaji."

"Ile ya kupiga domo?" Kiboko akacheka. "Chukua. Mwenye akili anataka kuwa ndani ya picha."

Ninyi mnaujua utaratibu wa mabanda yetu. Picha haiachwi ijisemee. Lazima pawe na mtu pembeni mwenye kipaza sauti, anawaambia watu huyu nani, anakwenda wapi, ana ugomvi gani na yule, na chumvi anaongeza. Watu wakisema sinema ilikuwa tamu, mara nyingi ni mfasiri aliyekuwa mtamu. Ila Kiboko hakulijua hilo, kwa sababu kila sinema akishakula maboga hulala.

Basi wakapiga picha. Mpiga picha alikuwa Nyani. Kiboko akamwambia, "Sogea karibu, nataka nionekane." Nyani akasogea. "Sogea tena." Akasogea mpaka kioo cha mashine kikagusa ngozi. Ukungu wakautengeneza kwa moshi wa majani mabichi, Kiboko akaupigapiga kwa upanga, akikoroma Kikiboko ambacho hakuna mnyama mwingine anayekielewa.

Siku ikafika. Banda likajaa mpaka matete yakalia. Pimbi wote walikuja, na Kidawa kakaa katikati yao. Safari hii Kiboko hakulala, alitaka kujiona. Mashine ikaanza, trrrrr, na shuka zima likajaa kitu cha kijivu, kikubwa, chenye mikunjo.

Bi Pimbi akashika kipaza sauti. "Huo mnaouona, ndugu zangu, ni mlima."

"Eee, mlima," wakaitika watu.

Kiboko akasimama. "Huo si mlima. Ni mimi."

"Kaa chini, mzee," wakamwambia wa nyuma. "Unatuziba mlima."

Kule kwenye shuka Kiboko akafungua mdomo kukoroma.

"Na hilo ndilo pango," akasema Bi Pimbi. "Tazameni ndani, kule mwisho penye giza. Kuna mama mmoja mdogo, anaitwa Bi Mashavu. Nyuma yake kuna watoto. Mnamwona?"

Shingo zikanyooka. Kisha sauti moja, "Namwona." Kisha banda zima, "Tunamwona."

Moshi ukaingia. "Vumbi la mabawa hilo. Tai anakuja." Watoto wakashikana. Upanga ukametameta. "Ule unaong'aa ni mfuniko wa sufuria." Na hapo Bi Pimbi akautoa mfuniko wa mama yake mwenyewe aliokuja nao, akaupiga kwa mwiko: kwang'a, kwang'a, kwang'a. Tai akija huku, kwang'a. Tai akija kule, kwang'a. Banda zima likapiga naye, kwa makofi, kwa kwato, kwa mikia, hata Nyani aliyeshika mashine akasahau akawa anapiga. Moshi ulipotoweka, watu walikuwa wamesimama wanalia na kucheka.

Wakamfuata Kiboko kumpa mkono. "Hongera, Bwana Mkubwa. Ule mlima umetulia kweli." Akataka kubisha, akatazama maboga mlangoni, yamerundikana mpaka hayahesabiki. Akameza mate. "Ahsanteni," akasema. "Kesho tutaonyesha tena. Mfasiri awe huyuhuyu."

Njiani kurudi kilimani, Kidawa alikuwa ameubeba ule mfuniko. Mwishowe akasema, "Mama, mbona hukutuambia kama bibi alikuwa anachechemea?"

Bi Pimbi akasimama. Hilo hakulisema kwenye kipaza sauti, wala hakuwahi kulichora. Siku zote aliona haya kumchora mama yake na ule mguu mbovu. Akamshika mtoto mkono, wakapanda hivyo hivyo mpaka juu.

Hapo ndipo ngano yangu ilipochoka miguu. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni nikaitie sukari.

Ehe, na funzo? Funzo ni kwamba wakubwa husema mambo kwa faida yetu. Ukiambiwa badilisha, badilisha. Na zaidi ya yote, wanangu, tuwe na adabu: sinema ikianza, mtu afunge mdomo.