Makande ya Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko na majirani kama sisi, jua liliunguza mashamba hadi kunguru akakosa cha kuiba.

Kiboko, tajiri wa bondeni, akateleka chungu kikubwa cha makande. "Bure! Bure kabisa!" akanguruma. "Ila mle papa hapa, wageni wangu wawaone. Marufuku kubeba!"

Mama Buku, mjane wa ukoo wa panya buku, alikuwa na watoto waliolegea kwa njaa. Akapiga magoti. "Bwana mkubwa, wanangu hawawezi kutembea. Niruhusu niwapelekee japo kikombe."

"Asiyeweza kuja hana njaa!"

Mama Buku akainuka. Akaenda kunong'ona na jirani yake Pimbi. Kisha akaketi kando ya chungu, akameza tonge moja, mengine akayashindilia mashavuni, ndi! ndi! ndi! Uso ukawa kama boga.

Mlangoni alisimama Ngiri, mlinzi. "Simama! Mashavuni una nini?"

"Mmh! Mmmh!"

"Sema!"

Pimbi akadakia, "Mwache, kaka! Ni ugonjwa wa meno. Humrukia aliye karibu, na unavyoyapenda meno marefu!"

Ngiri akayashika meno yake kwa mikono miwili. "Yalaa! Piteni! Piteni upesi!" Akatoka mbio, vumbi timtim, mpaka nyuma ya kichuguu.

Siku hiyo watoto wa Mama Buku walikula. Pimbi naye akapata fungu la kumpelekea mama yake kizee.

Lakini Ngiri akaenda kusema. Kiboko akaruka. "Ugonjwa? Kwenye chungu changu? Wageni watanionaje!"

Asubuhi Mama Buku alipofika, Ngiri alimsukuma kwa fimbo ndefu. "Rudi, mgonjwa! Huli hapa!"

"Mimi mzima, kaka. Tazama!"

"Basi jana ulivimba nini?"

Mama Buku akasita. Akinyamaza, mgonjwa. Akisema, mwizi. Tumbo likalia, nguruu!

"Yalikuwa makande," akasema. "Niliwabebea wanangu."

"Ahaa! Mwizi!" Kiboko akanguruma mbele ya wageni. "Ninawalisha, nao wananiibia! Usikanyage tena hapa!"

"Pimbi, jirani yangu, nisemee!"

Pimbi alikuwa na bakuli mkononi. Mama yake kizee alikuwa bado anamngoja. Akainamisha kichwa. "Simjui huyu," akasema, akatia tonge kinywani.

Mama Buku akarudi nyumbani pole pole. Watoto, waliokuwa wamepata nguvu kidogo, wakamkimbilia. "Mama, fungua mdomo! Fungua!"

Akafungua. Wakachungulia shavu la kulia. Wakachungulia la kushoto. Mdogo wao akatia mkono ndani, akapapasa, akautoa na kuulamba.

Hapo ndipo ninapoiacha, wanangu, nanyi kumbukeni: agawaye chakula ili aonekane hulisha jina lake, si mwenye njaa.