Aliyekanyaga Mpira

"Aliyekanyaga mpira asiseme zimamoto hana maji." Bibi yenu amewaambia hivyo kwa kuwa mmejazana mlangoni mwa jiko lake huku mnalalamika chakula kinachelewa, na sasa mnaniuliza ni mpira gani, wa miguu au wa maji. Ni yote miwili. Kaeni niwaeleze neno hili lilivyozaliwa, maana nilikuwapo. Mimi ndiye niliyekuwa dereva wa gari la zimamoto, na hasira ya siku ile haijanitoka mpaka leo.

Alikuwapo Nassoro Kapalata, beki wa timu ya mji wetu. Hakuwa nyota, na gazeti halikumwandika hata siku moja. Alikaba misimu mingi bila makuu, lakini hayo hakuna aliyeyakumbuka. Walichokumbuka ni penalti aliyopaisha siku ambayo timu ingepanda daraja. Alipoacha kucheza akaajiriwa zimamoto, na katika kazi ile alikuwa mtu na nusu. Hata hivyo, kila tukipita sokoni utasikia, "Kapalata, leo usipaishe maji." Miaka nenda, miaka rudi. Yeye alitabasamu tu. Mimi ndiye niliyekuwa nikichoka. Kinara wa maneno hayo alikuwa Mfaume, muuza magodoro.

Basi adhuhuri moja karakana ya seremala, iliyopakana na duka la Mfaume, ikashika moto. Tukafika mapema, tanki limejaa pomoni. Nassoro akauvuta mpira wa maji hadi mlangoni kwa seremala, akanipa ishara, nikafungua. Yakatoka matone mawili matatu, kisha basi.

Nyuma yetu, mpira ukiwa umeshatandazwa, Mfaume alikuwa ameleta pikapu yake na kupanda juu, anapakia magodoro aliyokuwa akipokezwa kutoka dukani. Alipoona maji hayatoki akapaza sauti, "Si nilisema? Zimamoto wamekuja bila maji." Umati ukadakia. Mnawajua watu wetu. Hata tungekuja na ziwa zima wangesema hilo hilo.

Nassoro akaufuata mpira nyumanyuma mpaka akakuta gurudumu la pikapu limeukalia.

"Bwana Mfaume, sogeza gari. Umekanyaga mpira."

"Mpira?" Mfaume akawageukia watu. "Mpira si ulikushinda wewe? Leo umekuja kuutafuta dukani kwangu?"

Watu wakaangua kicheko.

"Kaka, nakuomba. Nasema mpira wa maji. Duka linalofuata ni lako."

"Zima moto, bwana. Acha visingizio."

Nilitamani kumshusha kwa mguu. Wakati wao wanacheka, moto ulikuwa unapita darini. Moshi ulipofuka kwenye paa lake ndipo Mfaume alipojirusha chini, akaanza kutafuta ufunguo, anajipapasa mfuko huu na huu. Hatukumngoja. Tukaiinua pikapu upande mmoja kwa mikono, Nassoro akauchomoa mpira, na maji yakaja kwa nguvu. Tuliokoa maduka mengine yote ya safu ile. Lake halikubaki kitu.

Mngedhani hapo amejifunza. Kesho yake, kwenye kijiwe cha kahawa, akawa anawasimulia watu jinsi zimamoto walivyokuja bila maji wakamwacha aungue. Nassoro alikuwa ameketi pale pale, kikombe mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akajibu.

"Mfaume, pole kwa duka lako. Penalti ile niliipaisha mimi. Mguu ulikuwa wangu, na sijamsingizia kipa wala uwanja. Nawe beba la kwako. Aliyekanyaga mpira asiseme zimamoto hana maji."

Mfaume akaiacha kahawa yake nusu, akaondoka.

Tangu hapo hakuna aliyemtajia Nassoro penalti ile mbele yake. Na mtu akiziba njia ya msaada kwa mguu wake mwenyewe, kisha akamgeukia msaidizi kumlaumu, mji mzima unajua la kumwambia: aliyekanyaga mpira asiseme zimamoto hana maji.