Mama Aliyetafuta Kivinjari cha Siri

Wapendwa, mfano huu umenichanganya mimi mwenyewe tangu Alhamisi, kwa hiyo mnivumilie.

Alikuwepo mama mmoja, mwimbaji wa kwaya. Simu yake ndiyo iliyokuwa na bando kila mara, basi siku za mazoezi ilizunguka mkono kwa mkono, watu wakitafuta maneno ya nyimbo. Siku moja, akioga, akagusa uvimbe kwenye titi. Akataka kusoma mtandaoni ni kitu gani. Lakini angesomaje? Jumamosi mwenzake angeandika herufi ya kwanza ya wimbo, na ile simu isiyo na adabu ingemalizia yenyewe: "uvimbe kwenye titi."

Akaenda kwa fundi simu. "Fundi, niwekee kivinjari cha siri, cha kuingilia mtandaoni bila watu kujua."

"Vipo vingi, mama," fundi akasema. "Hiki kinazuia wenye matangazo wasikufuatefuate. Hiki kinaficha uko wapi. Hiki ukikifunga tu, kinafuta kila ulichosoma."

"Nipe cha kwanza. Hapana, cha tatu. Sasa kikifuta, si watauliza kwa nini kimefuta? Weka vyote!"

Akawekewa vyote. Kesho yake akarudi kuviondoa. Keshokutwa akarudi tena. Wiki tatu zikapita hivyo, na hajasoma hata mstari mmoja. Wewe ungechagua kipi? Usinijibu haraka, maana hata mimi sijui.

Mwishowe fundi akachoka. "Mama, siwezi kukuchagulia mpaka uniambie unamficha nani. Wenye matangazo? Mumeo?"

"Mume wangu anajua. Kila siku ananibembeleza twende hospitali."

"Sasa unamficha nani, jamani?"

Mama akainamisha kichwa. "Nawaficha waumini wenzangu."

Mlidhani nitasema shetani?

Ni sisi, ndugu zangu. Si tunasimama hapa na kipaza sauti: "Tumwombee dada mmoja, jina silitaji, ila anaimba sauti ya pili na anakaa nyuma ya mashine ya kusaga"? Na kanisa zima linageuka kumtazama! Tunaita maombi, kumbe ni umbea uliofumba macho. Na mimi nimo, nimewahi kufanya hivyo, Mungu anisamehe.

Sasa fundi wa watu atatuwekea programu gani ya kuziba midomo? Na uvimbe unasubiri tumalize kusengenya?

Kuanzia leo, ugonjwa wa mtu hautatajwa hapa mbele mpaka mwenyewe aseme. Na kama mama huyo ni wewe uliyeketi hapa asubuhi hii, mimi sikujui na sitakutafuta. Kesho nenda hospitali. Ukikutana nasi njiani, tutakusalimu, tutakuuliza habari za nyumbani, tutapita. Kwaya, mmenisikia? Tutapita.